Mkono wa Mtu na Ateri za Moyo

Katika nchi ya Masasi na Newala, kutoka bonde la mto Lukuledi mpaka juu ya uwanda wa Makonde, kifo cha kijana kina swali lake. Mzee akifariki, watu huuliza aliugua nini. Mtoto mchanga akifariki, huuliza homa ilimshika lini. Lakini kijana wa miaka 19, aliyepalilia mikorosho asubuhi, akala chakula chake mchana, akaenda mpirani jioni, akianguka kiwanjani asiinuke tena, swali hugeuka. Haliwi tena "nini", huwa "nani". Na jibu lake lina maneno matatu yajulikanayo katika kila kijiji cha Tanzania: mkono wa mtu. Arobaini haijafika, tayari ajuza mmoja wa jirani, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, anatazamwa kwa jicho jingine; na bahati yake ni njema ikiwa atahamishwa tu, asifanywe jambo baya zaidi.

Wenye elimu ya tiba wana neno la kujibu, lakini wamelichagua vibaya. Husema kwamba kijana kama huyo huenda alizaliwa na ateri za moyo zisizopita katika njia ya kawaida, kisha huongeza upesi kwamba jambo hilo ni adimu. Neno hilo "adimu" ndilo linaloshtakiwa hapa. Ni neno la uvivu. Kwa mwenye kulisema, humaliza kazi: jambo adimu halina haja ya kufundishwa zahanatini wala kuandikwa kwa Kiswahili. Kwa mwenye kulisikia, humwacha pale pale alipokuwa. Maana akiambiwa kwamba mwanawe amekufa kwa jambo lisilompata ila mmoja katika maelfu, atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini limpate wa kwake. Mpiga ramli ana jibu la swali hilo tangu zamani. Aliyesema "adimu" hana.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lielezwe, kwa maana wengi wabishanao juu yake hawajapata kuelezwa. Moyo ni msuli, nao haushibi kwa damu ipitayo ndani yake, kama vile mchukuzi wa maji asivyokata kiu kwa mtungi alioutwika. Hulishwa na ateri zake wenyewe, ambazo kwa desturi ni mbili. Zote mbili huchipuka kwenye shina la aota, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni, mara tu juu ya vali yake: moja upande wa kulia, moja upande wa kushoto. Ya kushoto haiendi mbali kabla ya kugawanyika, tawi moja likishuka mbele ya moyo na jingine likizunguka kwenda nyuma. Ya kulia huzunguka upande wake, na kwa watu wengi, wapata wanane katika kumi, ndiyo itoayo tawi la kushukia nyuma. Matabibu wa kale wa Ulaya waliziona zimeuzunguka moyo kama taji, wakaziita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo. Jambo moja zaidi lishikwe, maana litarudi: ateri ya kushoto hupokea damu yake nyingi si wakati moyo unapopiga, bali wakati unapolegea baina ya pigo na pigo. Mtu akimbiapo, mapigo huwa mengi, nafasi za kulegea huwa fupi, na wakati huo huo msuli hudai chakula zaidi.

Hiyo ndiyo picha ya vitabuni. Mkulima wa Newala hatashangaa akiambiwa kwamba picha si mwili. Hajaona mikorosho miwili iliyotoa matawi sawasawa. (Wapo wapendao kufananisha ateri na mto. Mfano huo haufai, kwa sababu mto Lukuledi hukusanya vijito ukavipeleka baharini Lindi, hali ateri hugawa. Mto ni vena.) Kuna mtu ambaye tawi lake la kuzunguka halitoki kushoto bali kulia, likapita nyuma ya aota, jambo hilo huonekana mara nyingi kuliko mengi ya namna yake, na kwa kawaida halimdhuru mwenyewe hata azeeke. Kuna mwenye ateri ya tatu, ndogo, itokayo peke yake kwenye aota. Kuna mwenye ateri moja tu, iulishayo moyo mzima. Kuna ateri ipitayo chini ya nyuzi za msuli kama njia ipitayo chini ya daraja. Na kuna mtoto azaliwaye ateri yake ya kushoto haitoki katika aota hata kidogo, bali katika mshipa uendao mapafuni, wenye damu isiyo na hewa safi wala nguvu ya kutosha. Huyo huanza kuhangaika akiwa bado ananyonya, akatoka jasho na kulia kila awekwapo ziwani. Madaktari watatu wa Marekani, Bland, White na Garland, walieleza hali hiyo mwaka 1933, na mpaka leo huitwa kwa majina yao. Hukisiwa kuwa humpata mtoto mmoja katika 300,000. Huyo, basi, ni adimu kweli, wala hapana ugomvi.

Hatari ya kijana wa kiwanjani ni nyingine. Ateri yake ya kushoto huchipuka upande wa kulia, kisha ili ifike kwake hupenya baina ya aota na ateri kuu iendayo mapafuni. Mlango wake mara nyingi si duara bali ni ufa, na mwanzo wake huweza kupita ndani ya ukuta wa aota yenyewe. Akitembea, akilima, akilala, damu yatosha. Akikimbia kwa nguvu zake zote, mishipa mikubwa hiyo miwili hutanuka, ufa hubanwa, na damu hupungua saa ile ile ihitajiwapo mno. Watu wa Newala wayajuao maji ya Mitema, yasukumwayo kwa mashine kutoka bondeni mpaka juu ya uwanda, hawahitaji mwalimu wa jambo hili: bomba likibanwa mahali pamoja, tangi la juu hukauka ingawa chemchemi imejaa. Msuli ukikosa damu, mapigo huvurugika, na moyo uliovurugika mapigo hausukumi kitu. Kijana huanguka bila kilio. Hakuwa mgonjwa jana, na daktari ambaye angemsikiliza kifua jana huenda asingesikia lolote.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 2004 zilichapishwa habari za askari wapya wa Marekani waliokufa ghafla mafunzoni, bila jeraha, kati ya mwaka 1977 na 2001. Walikuwa 126. Katika 64 moyo wenyewe ulionekana kuwa na dosari, na katika 21 miongoni mwa hao, theluthi nzima, ateri ya kushoto ilikuwa imechipuka upande wa kulia na kupita baina ya mishipa mikubwa miwili, vile vile kama ilivyoelezwa hapa. Na kuna Pete Maravich, aliyecheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani kwa misimu kumi, akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa. Mwaka 1988, akiwa na miaka 40, alianguka katika mchezo wa kujifurahisha tu huko Pasadena, California, akafa. Mwili ulipopasuliwa, ateri ya kushoto haikuwako. Hapana ajuza aliyetafutwa Pasadena.

Sasa lirudi neno adimu. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake hukaribia "kisichokuwako". Waswahili wamelipunguza ukali wakalipeleka sokoni: sukari imeadimika, mafuta ya taa yameadimika. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1983 hawajasahau bidhaa adimu, wala hawajasahau kwamba serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, bidhaa za namna hiyo zilikutwa zimerundikwa maghalani. Zilikuwa adimu mbele ya meza ya duka. Nyuma ya meza zilikuwako. Ateri hizi nazo ni adimu mbele ya meza.

Ni nani aliyehesabu? Hesabu kubwa itajwayo sana ilichapishwa mwaka 1990 kutoka Cleveland, Marekani: wagonjwa 126,595 waliopigwa picha za ateri za moyo, na katika hao 1,686, yaani asilimia 1.3, walikuwa na njia zisizo za kawaida. Wanne katika kila watano wa hao hali zao zilihesabiwa kuwa hazina madhara. Wagonjwa wa Cleveland si wanakijiji wa Lukuledi, na hesabu yao haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Lakini atakaye kuitumia ili kuonyesha uadimu na aifuate mpaka mwisho: katika kijiji cha watu 4,000 ingetoa watu 52, na kumi miongoni mwao wangekuwa wa kuangaliwa. Kijiji chenye vipofu kumi hakisemi kwamba upofu haupo kwake.

Na pale watu wa Afrika ya Mashariki walipohesabiwa wenyewe, picha ya vitabuni ilitikisika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichunguza mioyo 148 ya watu wa Kenya, wakachapisha habari zake mwaka 2007. Ile ateri ya tatu waliiona katika mioyo ipatayo theluthi moja. Jambo lililomo katika mtu mmoja kwa kila watatu si ajabu ya maumbile. Ni desturi ya pili. Ateri hiyo ndogo haijulikani kwa hatari, na kwa hiyo mfano wake wafaa zaidi, maana hapana aliyekuwa na sababu ya kuificha. Kitabu cha shule kiliendelea kuandika "mbili", na mioyo ikaendelea kuwa na tatu.

Shtaka zito kuliko yote, hata hivyo, ni la lugha, nalo linawahusu wafasiri kuliko madaktari. Wafasiri wengi wanapolikuta neno la ateri huandika "mshipa", wakaridhika. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuonyesha jinsi neno hilo lilivyobeba mzigo: mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, tena ni jina la maradhi. Katika pwani ya kusini, ambako matende na mabusha yamewatesa watu miaka mingi, mwanamume akisemwa kuwa "ana mshipa" hapana afikiriye habari za moyo. Na afikiriwe tabibu atokaye chumba cha maiti akamwambia baba aliyefiwa, mbele ya wakwe zake, kwamba mwanawe amekufa kwa mshipa. Baba hataelimika, atatahayari. Kisha atarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba hospitali haijui kitu, kwa sababu kijana wake hakuwa na busha.

Moyo nao una mitego yake. Mgonjwa asemapo kwamba chembe cha moyo chamuuma, anataja mahali palipo chini ya kifua, juu ya tumbo. Akisema moyo wamchafuka, ana kichefuchefu. Akisema roho yamdunda, pengine huyo ndiye mgonjwa wa moyo. Aliyesoma tiba kwa Kiingereza, akatafsiri kichwani mwake neno kwa neno, atampa dawa ya moyo mwenye vidonda vya tumbo, na dawa ya tumbo kijana ambaye msuli wa moyo wake unalia njaa kila apandapo kilima. Na kijana aangukaye akikimbia, kisha akainuka baada ya dakika moja akiwa mzima, jina lake liko tayari kabla hajajipangusa vumbi: ana kifafa. Ama ana pepo. Hapo penye majina mawili ya haraka ndipo palipokuwa na nafasi ya kumwokoa.

Yapasa pia kulikataa neno "ulemavu", ambalo wapo walitumiao kwa kila umbile la kuzaliwa nalo. Mwenye tawi lililopita nyuma ya aota si mlemavu kuliko mwenye kutumia mkono wa kushoto. "Kasoro" nayo haifai, ingawa imezoeleka. Kasoro ni upungufu. Ndiyo maana Waswahili husema saa nane kasorobo. Kijana wa kiwanjani hakupungukiwa na kitu: ateri zake ni mbili, zina damu, zina matawi yote, ila moja imekwenda kupita mahali pasipofaa. Neno lifaalo limo katika lugha tangu zamani, nalo ni "hitilafu". Kwa asili ni kutofautiana. Kwa matumizi ya leo, kama katika hitilafu ya umeme, ni kutofautiana kuletako madhara. Basi na iitwe "tofauti" ile isiyomdhuru mtu, na "hitilafu" ile iwezayo kumdhuru, na zote mbili ziwe za "ateri za moyo". Koronari waachiwe wenye kuandikia vitabu vya mitihani.

Kuna watakaosema kwamba lugha ya Kiswahili haina nguvu ya kubeba mambo haya. Hoja hiyo imezeeka, na haikuwa na afya hata ujanani. Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, aliandika kwa Kiarabu kwamba moyo hulishwa na mishipa ipitayo katika mwili wake wenyewe. Na Kiarabu hicho kilikuwa kimeyapokea maneno ya tiba kutoka Kigiriki, kikayala, kikayameng'enya. Kiswahili kimekwisha kufanya hivyo. Neno ateri limo vitabuni, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Huko Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, Dk. Leader Stirling alianza kazi ya upasuaji tangu miaka ya 1930, miaka arobaini kabla ya kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Na wagonjwa wake hawakuwa wasemaji wa Kiingereza. Kilichokosekana si maneno bali ni waandishi. Hasani bin Ismail alitunga utenzi mzima juu ya mganga mfichua wachawi, Swifa ya Nguvumali, nao ukachapishwa mwaka 1968. Mwenye kutafuta "nani" ana fasihi yake. Mwenye kutafuta "nini" anapewa karatasi ya ukutani yenye picha ya moyo mwekundu na maneno ya Kilatini.

Hoja ya pili ina uzito, na haistahili kudharauliwa. Wapo wenye huruma wasemao: kwa nini kuwaambia watu wa Lukuledi jambo wasiloweza kulitibu? Mashine za kuziona ateri hizi ziko mbali. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Na nauli ya wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza, si jambo la mchezo msimu wa korosho usipokuwa mwema. Hayo ni kweli. Lakini mashine si mwanzo wa tiba. Mwanzo ni swali, na swali halina nauli. Kijana aliyezirai akiwa amesimama juani gwaride la shule, na kijana aliyezirai katikati ya mbio, si hali moja. Wa kwanza mara nyingi hana neno, wa pili asirudishwe kiwanjani mpaka moyo wake upimwe. Kifua kumbana mtoto wa miaka 15 apandapo mlima wa Newala si uvivu. Kutofautisha hayo kwataka masikio na Kiswahili kilichonyooka, navyo vyote viwili vyapatikana Lukuledi. Akishajulikana mmoja wa kupelekwa Dar es Salaam, huyo mmoja atafutiwe nauli. Na yule anayehitaji, ateri yake huweza kurekebishwa kwa upasuaji. Kumnyima habari kwa sababu hana nauli ni kumkata mara mbili.

Tena wenye huruma hao wamesahau mtu wa pili katika habari hii, yule ajuza. Yeye hahitaji mashine hata kidogo. Sheria ya Uchawi iliwekwa Tanganyika mwaka 1928, ingali katika vitabu vya sheria mpaka leo, wala haikutosha kumlinda, kwa kuwa sheria hukataza jibu bila kutoa jingine. Watu hawawezi kukaa na "nani" waliyekatazwa kumtaja huku "nini" hawakupewa.

Hata hivyo haifai ateri igeuzwe kuwa mchawi mpya. Vijana hufa ghafla kwa sababu nyingine pia: msuli wa moyo ulionenepa kwa urithi, msuli uliovimba kwa maradhi ya virusi, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Katika wale askari 126, pamoja na kupasuliwa na kuchunguzwa kwa kila chombo, 44 hawakuonekana sababu. Na katika vijiji, maiti huzikwa siku ile ile au ya pili yake, kwa heshima ya dini na kwa uchache wa wapasuaji. Mwenye kutamka mbele ya kaburi kwamba ilikuwa ateri anapiga ramli kama mwenzake, ila amevaa koti jeupe.

Kitakiwacho ni usemi mwingine, wa mtu ajuaye mpaka wa elimu yake. Mganga wa zahanati aweza kukaa mkekani pamoja na wafiwa, siku ya tatu, vilio vikiwa vimepungua, akamwambia baba: "Mzee, poleni. Wako watu huzaliwa ateri za moyo zimepita njia nyingine, nao hawajui, wala mama zao hawajui. Hulima, hucheza, hawaumwi kitu. Siku moja wakikimbia sana, njia ile hubanwa, moyo ukakosa damu. Yako na mambo mengine ya moyo yafananayo na hayo. Mwili wa kijana wetu haukufunguliwa, kwa hiyo siwezi kusema ni lipi. Lakini mambo haya yako, na hakuna hata moja linalohitaji mkono wa mtu. Sasa niambie, Mzee: aliwahi kuanguka akikimbia kabla ya siku ile? Na huyu mdogo wake, achezaye mpira, je?"